Wimbo Mzuri Hujulikana kwa Spika Mbovu

Ukitaka kupima wimbo, kwanza unyang'anye besi. Panda bodaboda kutoka Kasese mjini, magharibi mwa Uganda, kwenda Kilembe, ukae nyuma ya kijana aliyefunga spika ndogo kwenye usukani, usikilize kinachobaki. Injini imekwisha kula sauti zote nzito. Lile dundo la amapiano linalotikisa vioo vya baa Jumamosi usiku, hapa halipo. Wimbo ukisimama bado, una mahadhi na una maneno. Kikibaki chakarichakari tu, ulikuwa unauziwa spika.

Kwa kipimo hicho, "Nana" ya Joshua Baraka, iliyotoka 2023, inapita bila taabu. Sauti imetulia, haina haraka, na hata ukiondoa vyombo vyote unaweza kuuimba huku unafua. Wengi waliouiga upole ule wamebaki na kunong'ona tu, maana upole bila mahadhi ni usingizi.

Masikio ya bonde hili la Kilembe na jirani zake yamelelewa na mengi. Shaba ya Kilembe ilianza kuchimbwa 1956, reli ikafika Kasese mwaka huohuo, na watu wa makabila mengi wakaja na ngoma zao. Upande wa Bwera, muziki wa Kongo huvuka mpaka wa Mpondwe pamoja na vitenge na mafuta ya mawese. Lakini kabla ya hayo yote Wakonzo, wenyeji wa huku, walikuwa na endara, marimba makubwa ya magogo yanayolazwa juu ya migomba, yakapigwa na watu kadhaa kwa pamoja. Usimtazame anayepiga kwa nguvu. Mtazame yule ambaye fimbo yake inashuka pale ambapo ya mwenzake imepanda. Kwenye eluma, filimbi zao, ni vivyo hivyo: kila mpiga filimbi ana sauti yake, na wimbo hutokea kwa kupokezana. Akizidisha mmoja, umeharibika wote. Mimi nauona huu kuwa ndio msingi wa kuhukumu muziki wowote, wa leo au wa zamani: nani anamwachia mwenzake nafasi?

Uliza hivyo unaposikiliza sebene, ile sehemu ya magitaa katika muziki wa Kongo. Msikilizaji mgeni hukimbilia gitaa la solo, kwa sababu ndilo linalong'aa. Wewe lifuate la pili, lile linalorudia kifungu kifupi bila kuchoka. Likiyumba hilo, solo hata awe fundi namna gani hana pa kukanyagia. Ndiyo maana "Mario" ya Franco, ya 1985, bado inapigwa kwenye sherehe za watu ambao wakati huo hawakuwa wamezaliwa: magitaa yanatembea taratibu kwa dakika nyingi, na juu yake mtu mzima anamsema kijana anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri. Kila mtaa una kijana wa namna hiyo, na kila mtaa una mtu wa kumsema.

Innoss'B wa Goma alipotoa "Yo Pe" na Diamond Platnumz, 2019, watu wa mpakani waliupokea kama wimbo wa nyumbani, na sababu haifichiki. Mseto wa Kilingala na Kiswahili ndio mtu anaousikia siku nzima akiwa sokoni. Kolabo nyingi za siku hizi zimeshonwa kwa uzi mweupe: huyu anamaliza ubeti wake, yule anaanza wake, hakuna aliyemsikiliza mwenziwe. Kwenye "Yo Pe" mmoja anauchukua mwendo wa mwingine. Sikiliza pale sauti zinapobadilishana, ndipo utakapojua kama walikutana au walitumiana mafaili tu.

Nyimbo za Lhukonzo, lugha ya Wakonzo, zina mtihani wa ziada. Lugha hii huenda kwa kidatu: sauti ikipanda au kushuka, neno linaweza kugeuka. Mtunzi hodari huyaacha mahadhi yafuate maneno yanavyosemwa. Mvivu huchukua biti ya Kampala, akayasukumiza maneno ndani kama magunia kwenye daladala, na bibi yake akabaki anauliza mjukuu anaimba nini. Bibi ndiye jaji. Na ile mashine ya kunyoosha sauti huzidisha madhara, kwa sababu hunyoosha hata kilichopaswa kupinda.

Kwaya ndizo ngumu kuhukumu, maana zinatukuta na majeraha. "Kwetu Pazuri" ya Ambassadors of Christ, kwaya ya Waadventista wa Kigali, ilizidi kuwa nzito baada ya ajali ya barabarani ya 2011 kuchukua baadhi ya waimbaji wake. Huku Bulembia, upande wa Kilembe, ina uzito wa pekee. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020, ukabomoa nyumba na kuvamia hospitali ya Kilembe. Aliyepoteza nyumba akisikia habari za makao yasiyobomoka, hulia hata kama besi imepotea njia. Basi jifunze kutenganisha machozi na ufundi. Sikiliza mwisho wa mstari: je, sauti zote nne zinaifunga silabi ya mwisho kwa pamoja? Je, wanaume wa besi wanatamka au wanavuma tu? Wimbo huu unashinda kwa yote mawili. Nyingi za zile zinazouzwa msibani zinashinda kwa machozi peke yake.

Ukiwa Mpondwe siku ya soko, kwa vijana wanaojaza nyimbo kwenye memori kadi, usinunue kwa kiitikio cha mwanzo. Kila prodyuza hutia nguvu zake zote hapo. Mwambie anayekuuzia asogeze hadi dakika ya tatu. Ukikuta kiitikio cha kwanza kimenakiliwa vilevile, bila gitaa kuongeza neno wala mwimbaji kubadili pumzi, mrudishie, uchague mwingine.