Piano iliyozama: jinsi Sakamoto alivyoitunga async

Piano kubwa ya tamasha ni chombo kilichobanwa. Mbao zake hukunjwa kwa mashine hadi zikubali umbo ambalo mti haukuwa nalo, na nyuzi zake, zaidi ya 200, huvutwa kwa nguvu ambayo kwa jumla inakaribia uzito wa tani 20. Machi 11, 2011, tsunami iliyopiga kaskazini mashariki mwa Japani iliingia katika shule moja ya sekondari ya kilimo mkoani Miyagi, na piano ya shule ikazama. Maji yalipopungua, mbao zilikuwa zimevimba, vitufe vingine havirudi vikibonyezwa, na nyuzi zimelegea kila mmoja kwa kiasi chake.

Mtunzi Ryuichi Sakamoto (1952–2023) aliikuta piano hiyo akaipiga. Mwanzoni, kwa maelezo yake mwenyewe, alijiona kama anayegusa maiti ya chombo kilichokufa maji. Baadaye alibadili mawazo: kinachoitwa kupotea kwa sauti ni mbao na chuma kurudi vilivyotaka kuwa, na bahari imeilinganisha upya piano kwa namna yake. Mpiga ngoma wa kwetu anayeipasha ngozi moto kabla ya kucheza asingeshangaa kusikia hivyo, maana anajua kwamba chombo huja na hali yake ya siku. Kwa mwanamuziki aliyelelewa na piano ya Ulaya, huo ulikuwa mgeuko mkubwa, na ndio uliozaa albamu ya async ya mwaka 2017.

Tazama kinachotokea ndani ya sauti yenyewe. Noti ya katikati ya piano hutolewa na nyuzi tatu zinazogongwa na nyundo moja. Zikiwa sawasawa, sikio husikia sauti moja iliyonyooka. Uzi mmoja ukitetemeka mara 440 kwa sekunde na jirani yake mara 437, sauti huvimba na kunywea mara tatu kila sekunde. Katika piano iliyozama, kila noti ina mawimbi ya namna hiyo, na kila moja kwa kasi yake. Maana yake ni kwamba hata mtu akibonyeza vitufe viwili tu, tayari ana miendo kadhaa isiyopatana, kabla hajatunga chochote. Sakamoto aliitumia piano hiyo katika kipande kiitwacho "zure", na uamuzi wake bora hapo ni kuzipa noti nafasi. Angeziharakisha, ulegevu wa nyuzi ungesikika kama kosa la fundi. Kwa kuwa kila noti inaachwa mpaka ife, tunapata muda wa kuyasikia mawimbi yake na kuyazoea.

Kutopatana huko ndiko kanuni ya albamu nzima. Muziki karibu wote tunaousikia umejengwa juu ya kwenda pamoja: mpigo mmoja, wachezaji wote juu yake. Programu za kurekodi zimelikaza zaidi jambo hilo, kwa sababu hupanga kila sauti kwenye mistari ya muda iliyo sawa. Sakamoto, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa muziki wa kompyuta akiwa na kundi la Yellow Magic Orchestra mwishoni mwa miaka ya 1970, aliijua mistari hiyo kuliko wengi. Katika async aliamua kuiacha. Kipande kilichoipa albamu jina lake ni nyuzi zinazodonolewa kwa vidole, kila mmoja kwa wakati wake. Katika "walker" ni nyayo za mtu akitembea porini juu ya majani, na hatua za mtu anayetazama miti hazilingani kamwe.

Mbinu hiyo haikuanza hapo. Katika "hibari", kipande cha kwanza cha albamu yake ya mwaka 2009, Out of Noise, kifungu kifupi cha piano kinajirudia katika tabaka mbili zinazoachana polepole. Hesabu yake si ngumu. Tuseme kifungu kimoja kina sekunde 7 na kingine 9: vikianza pamoja, havitaanza tena pamoja mpaka sekunde ya 63. Kati ya hapo mtunzi hupata miunganiko ambayo hakuiandika. Tofauti ya async ni kwamba hesabu imeondoka. Sababu za kutopatana sasa ni maji ya chumvi, mguu wa binadamu, mvua.

Albamu hiyo ya 2009 ndiyo iliyobeba pia barafu. Mwaka 2008 Sakamoto alisafiri hadi Greenland na mradi wa Uingereza uitwao Cape Farewell, uliowapeleka wasanii na wanasayansi kuona mabadiliko ya tabianchi, akatumbukiza kinasa sauti katika maji ya barafu inayoyeyuka kama mtu anayevua samaki. Vipande "disko", "ice" na "glacier" vilitokana na safari hiyo. Filamu ya maisha yake, Coda (2017), inamwonyesha pia kwenye Ziwa Turkana nchini Kenya, na vilevile nyumbani kwake New York amejivika ndoo kichwani katikati ya mvua ili asikie matone yanavyogonga plastiki. Napenda sana kipande hicho cha filamu, kwa sababu kinaonyesha kazi ilivyo: kujaribu, kusikiliza, kujaribu tena.

Kisha mwili nao ukaingia. Mwaka 2014 alikuwa ameanza albamu mpya alipogundulika na saratani ya koo. Alisimamisha kazi, akatibiwa, na aliporudi aliyaweka kando yale aliyokuwa ameyaandika. Ugonjwa hautajwi popote katika async, lakini unasikika katika swali moja la ufundi. Sauti ya piano huanza kufa mara tu nyundo inapogonga uzi. Mpigaji hawezi kuizuia. Sakamoto alikuwa akitamani sauti isiyokoma. Katika "andata", kipande cha kwanza, piano inapiga wimbo wa taratibu wenye harufu ya Bach, kisha wimbo uleule unachukuliwa na ogani, chombo ambacho noti yake hudumu kadiri kidole kinavyobaki kwenye kitufe, huku mngurumo ukipanda nyuma yake. Wimbo ni mmoja, noti ni zilezile, ila mara ya kwanza kila noti inafifia na mara ya pili inabaki. Sijui njia iliyo wazi zaidi ya kuandika hofu ya kufa bila kutumia neno.

Ndiyo maana "fullmoon" inanipunguzia raha. Hapo sauti ya mwandishi Paul Bowles, kutoka filamu ya The Sheltering Sky, inasoma maneno kuhusu uchache wa siku zetu, kisha watu wengine wanayasoma kwa lugha mbalimbali. Ni nzuri, lakini inayasema kwa mdomo yale ambayo piano na ogani zilikwisha kuyafanya tuyahisi.

Kwa piano ile iliyozama, alikwenda mbali zaidi mwishoni mwa 2017. Pamoja na msanii Shiro Takatani aliiweka piano ya Miyagi katika ukumbi wa maonyesho wa ICC jijini Tokyo, akaifungia kifaa cha kubonyeza vitufe kilichoendeshwa na takwimu za matetemeko ya ardhi kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Hapo mtunzi hachagui noti inayofuata. Anachoamua ni tetemeko lipi ligonge kitufe kipi na kwa nguvu gani, na uamuzi huo hufanywa mara moja, kabla milango haijafunguliwa.