Kumfuatilia Mlowezi Karatasi kwa Karatasi

Mtafute Delamere, lodi mashuhuri wa walowezi wa Kenya, kwenye sajili za vizazi za Uingereza za mwaka 1870, hutampata. Delamere ni cheo. Jina la ukoo ni Cholmondeley, nalo hutamkwa "Chamli". Fundi wa nasaba hulijua hilo kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Hutafuta kwa masikio kama anavyotafuta kwa macho, kwa kuwa karani aliandika alichosikia, na kila karani alisikia lake.

Nawaheshimu sana watu wa kazi hii. Mlowezi aliishi nchi mbili au tatu, na kila nchi ilibaki na karatasi zake. Orodha za abiria waliotoka Uingereza kwa meli kati ya 1890 na 1960 zimehifadhiwa Kew, London. Akishashuka Mombasa, jina lake huanza kuchomoza kwenye Gazeti Rasmi la serikali, na mwisho wa yote huja tangazo la mirathi. Hilo fundi hulisoma taratibu kuliko yote. Ni mistari michache tu: jina kamili, alikofia, tarehe, nani ameomba kusimamia mali. Lakini hapo ndipo hujitokeza jina la kati lisiloonekana kwingine, au binti aliyekwisha olewa na kubadili jina, na njia mpya ikafunguka.

Upande wa wanawake una utajiri wake. Mwaka 1899 Delamere alimwoa Florence Cole, binti wa Earl wa Enniskillen wa Ireland. Kaka zake Florence, Berkeley na Galbraith, nao wakaja kulowea Kenya. Asiyefuata nasaba ya mke hataelewa kwa nini Galbraith na shemeji yake walikuwa majirani pale Elmenteita.

Kwa makabaila kama hao vitabu vya nasaba vipo. Mlowezi wa kawaida mwenye asili ya Ireland ndiye mtihani, maana ofisi ya nyaraka ya Dublin iliteketea mwaka 1922, wasia na vitabu vingi vya makanisa vikaangamia. Mwenye papara huishia hapo. Fundi hugeukia mawe ya makaburi, magazeti ya zamani na sensa ya 1901 iliyosalimika.

Ninayemvulia kofia zaidi ni yule anayefungua pia jalada la ardhi. Mwaka 1903 Delamere alikodishwa ekari 100,000 Njoro kwa miaka 99. Mwaka uliofuata ukawa wa mkataba uliowaondoa Wamaasai kwenye malisho yao ya Bonde la Ufa. Ukiandika ya ukoo mmoja ukayaacha ya wafugaji hao, hujamaliza kazi.

Tena kuna kipande, kitambulisho cha kazi cha enzi za ukoloni. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wanaume Waafrika walilazimishwa kukibeba, na mwajiri aliandika humo jina lake, tarehe za kuajiri na kuachisha, na mshahara. Karatasi moja, watu wawili.

Basi kama kwenu kuna kipande cha babu sandukuni, usikitupe. Kipige picha pande zote, kisha waulize wazee shamba lilikuwa la nani na wafanyakazi walimwitaje mwenyewe, maana majina waliyowabandika walowezi hayamo katika sajili ya karani yeyote.