Sikio la Jiji: Sauti, Mkato na Muziki katika Filamu Mbili za Nairobi

Uhakiki wa filamu katika lugha ya Kiswahili umeazima zana zake nyingi kutoka katika uhakiki wa riwaya na tamthilia. Mhakiki hutafuta dhamira, huainisha wahusika, hutaja mandhari, kisha hueleza ujumbe. Utaratibu huu una manufaa yake, lakini huifanya filamu ionekane kama riwaya iliyopigwa picha. Husahaulika kwamba filamu hutungwa mara mbili: kwanza mbele ya kamera, na tena chumbani mwa mhariri, ambako vipande vya picha na vipande vya sauti, ambavyo mara nyingi vimenaswa kwa vyombo tofauti, huunganishwa kuwa kitu kimoja. Katika utungaji huu wa pili sauti si mtumwa wa picha. Filamu mbili zinazohusu Nairobi zinafaa kulichunguza jambo hili: Soul Boy ya Hawa Essuman (2010) na Nairobi Half Life ya David 'Tosh' Gitonga (2012). Zote mbili zilizaliwa na ushirikiano kati ya One Fine Day Films, iliyoasisiwa na Wajerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi. Aidha, muziki wa zote mbili ulitungwa na mtu mmoja, Xaver von Treyer.

Soul Boy, iliyoandikwa na Billy Kahora, imewekwa Kibera, kilomita chache tu kusini-magharibi mwa katikati ya jiji. Abila, kijana wa miaka 14, anamkuta baba yake hajiwezi. Mzee anadai kwamba ameibiwa roho. Kijana anamwendea Nyawawa, naye anampa majukumu saba ya kutimiza ili roho irudi. Kwa upande wa hadithi, filamu hii ni ngano safi, na mhakiki wa fasihi simulizi ataitambua mara moja. Walakini kuna jambo ambalo mhakiki huyo hapaswi kulipita haraka. Katika imani ya Wajaluo wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria, Nyawawa hujulikana kwa sikio kabla ya jicho. Ni mapepo yapitayo na upepo usiku, na wanakijiji huyafukuza kwa kelele: sufuria hupigwa, madebe hupigwa, milango ya mabati hupigwa, hadi yapite zao. Kelele ndiyo silaha, na pengine ndiyo ibada yenyewe. Filamu imemgeuza Nyawawa kuwa mwanamke wa kuonekana, mwenye uso na kauli. Uamuzi huo unaeleweka, maana mtoto shujaa anahitaji mtu wa kusemezana naye. Lakini Kibera ni mji wa mabati. Paa ni mabati, kuta nyingi ni mabati, na reli ya kwenda Uganda inapita katikati yake. Hakuna mahali Nairobi ambapo pepo anayefukuzwa kwa mabati angeweza kusikika vizuri zaidi. Nafasi hiyo haikutumiwa, na muziki wa kutungwa umepewa kazi ya kutisha ambayo debe moja lingeifanya bila gharama.

Hapa inafaa kutofautisha aina mbili za muziki katika filamu. Upo muziki wa ndani ya hadithi, ambao mhusika mwenyewe anausikia: redio ya kinyozi, kanda ndani ya matatu, kwaya kanisani. Upo pia muziki wa nje ya hadithi, ambao hadhira peke yake inausikia. Mwaka 1928 Eisenstein, Pudovkin na Aleksandrov walitoa tamko wakionya kwamba sauti ikifuata picha hatua kwa hatua itaua sanaa ya uunganishaji; walitaka sauti ipingane na picha, ili maana izaliwe katika mgongano wa hizo mbili. Hadi leo onyo hilo halijachakaa. Muziki wa nje unaosikitika mhusika anaposikitika hauongezi neno.

Nairobi Half Life ina sikio kali zaidi. Mwas, aliyeigizwa na Joseph Wairimu, anauza filamu kijijini huku akiwaigizia wateja matukio yake, kisha anakwenda Nairobi kutafuta kazi ya uigizaji. Anaporwa kila alicho nacho punde tu anapofika mjini, anatiwa mbaroni, na huko rumande anakutana na Oti, anayemwingiza katika genge la wezi. Wakati huohuo anapata nafasi katika mchezo wa kuigiza, na ndani ya mchezo huo vilevile anakuwa mwizi. Mhariri Mkaiwa Mwakaliti anapishanisha maisha haya mawili, genge na jukwaa, na ingekuwa rahisi kudhani kwamba tofauti baina yake inajengwa na mandhari. Si hivyo. Inajengwa na lugha. Kijijini kuna Kikuyu, mitaani kuna Kiswahili na Sheng, na jukwaani kuna Kiingereza cha watu waliosoma. Kila mara mhariri anapokata kutoka ulimwengu mmoja kwenda mwingine, sikio linavuka mpaka wa lugha, na mpaka huo ni wa kitabaka. Mwas anabeba lafudhi yake popote aendapo, kama mtu aliyesahau kuvua kofia. Jiji linamjua kuwa mgeni kwa ulimi wake, hata akibadili nguo.

Ndiyo sababu unasaji wa sauti papo hapo, mahali pa tukio, una uzito mkubwa katika filamu ya namna hii. Mwigizaji anaweza kuyarudia maneno yake studioni, katika chumba kisicho na mwangwi, na maneno hayo yakasikika bila dosari. Kinachopotea ni pumzi ya mtu anayesema huku matatu ikinguruma nyuma yake, na jinsi anavyoipandisha sauti ili aishinde. Wanasaji hodari hunasa pia sauti ya mahali patupu, watu wote wakiwa wamenyamaza, ili mhariri apate cha kuzibia pengo baina ya mikato. Katikati ya Nairobi ukimya huo wenyewe umejaa honi na wachuuzi.

Sasa linakuja suala zito zaidi. Nairobi Half Life ilioneshwa Durban mwaka 2012, ambako Wairimu alituzwa kuwa mwigizaji bora, na ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Hadhira ya huko nje iliifuata kwa maandishi ya tafsiri chini ya picha. Ndani ya maandishi hayo Kikuyu, Kiswahili na Sheng vyote vinakuwa Kiingereza kimoja, cha rangi moja, kisicho na lafudhi. Mpaka ambao mhariri aliujenga kwa sikio unafutwa kwa jicho. Inaelekea kwamba muziki wa nje umeitwa kuziba ufa huu. Mtazamaji asiyesikia tofauti ya ndimi ataambiwa na ala wapi pana hatari na wapi pana matumaini. Muziki huo, basi, ni tafsiri ya pili, na mtazamaji wa Nairobi, asiyehitaji hata ile ya kwanza, analazimika kuzisikiliza zote mbili. Von Treyer si mtunzi dhaifu. Kosa, kama lipo, ni la kutoamua filamu inasema na nani.

Linganisha na filamu za Riverwood, zile zilizouzwa kwa kanda na baadaye kwa diski katika vibanda vya River Road, nyingi zikiwa vichekesho vya Kikuyu na lugha nyingine za nyumbani. Aghalabu sauti yake imenaswa kwa kipaza sauti kilichomo ndani ya kamera yenyewe, hivyo upepo unavuma ndani ya mazungumzo na anayesimama mbali husikika kwa shida. Wasomi wamezidharau, na kwa upande wa ufundi wana hoja. Hata hivyo, mtunzi wa Riverwood anajua jambo moja bila kufundishwa, kwamba mnunuzi wake atacheka kwa sababu ya namna neno lilivyotamkwa. Hamtafsirii mtu. Muziki anaotia kati ya matukio mara nyingi ni mbovu, lakini haumwelezi mtazamaji kile ambacho amekwisha kukisikia.

Onyesho la mwisho la Nairobi Half Life linamweka Mwas jukwaani, baada ya damu kumwagika, akizungumza juu ya kutazama na kugeuza macho. Wahakiki wengi wameishikilia kauli hiyo kuwa ndiyo dhamira ya filamu, na maneno yenyewe yanawaruhusu. Lakini anayeyasema ni kijana ambaye saa chache tu zilizopita alikuwa akiongea Sheng na watu ambao sasa ni maiti, na Kiingereza chake cha jukwaani bado kina kijiji ndani yake. Watu waliolipa kiingilio wanamsikiliza kama mwigizaji aliyeipatia vizuri lafudhi ya mwizi, kisha wanapiga makofi.