Vocabulaire ya Elisabethville na Msomaji wa Kamina

Mwaka 1965 André Yav, aliyepata kuwa mtumishi wa nyumbani, aliandika kwa jina la chama cha maboi wenzake historia ya Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwa Kiswahili cha Katanga. Maandishi hayo ya taipu, Vocabulaire de la ville d'Elisabethville, yalichapishwa na Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, katika kitabu History from Below (1990). Mwaka 2001 yaliwekwa pia mtandaoni, katika Archives of Popular Swahili. Yafaa kuuliza kila toleo linamfaa nini msomaji wa Kamina, mji wa njia panda ya reli katika Haut-Lomami, ambako Kiswahili cha aina hiyo husemwa sambamba na Kiluba.

Kuhusu upatikanaji hapana mjadala mrefu. Kitabu kilichochapwa Amsterdam hakimfikii kwa urahisi. Tovuti humfikia, umeme na mtandao vikiruhusu.

Ugumu umo katika tahajia. Yav hakufuata kanuni moja ya kuandika: maneno mengine ameyakata, mengine ameyaunga. Aidha, mwanafunzi aliyefundishwa Kiswahili sanifu hutafuta "watu" mahali ambapo msemaji wa Katanga husema "bantu". Kompyuta humjibu kwamba neno halimo, naye huamini. Apekuaye kurasa hukutana nalo hata kama hakulitafuta. Wala macho peke yake hayakutosha: ilibidi Mango aisome matini kwa sauti, na usomaji wake ukaandikwa, ndipo mengi yakafunuka. Jambo hili husahauliwa mno na wanaoshindanisha karatasi na kioo cha kompyuta.

Fabian aliirudia hoja hiyo katika Ethnography as Commentary (2008), kitabu kinachofafanua mazungumzo yake ya mwaka 1974 na mganga aliyeifunga nyumba yake kwa dawa huko Lubumbashi. Mazungumzo yenyewe aliyaweka mtandaoni. Kitabuni akabakiza ufafanuzi. Kwa maoni yake, matini ikiwapo mbele ya msomaji, mfafanuzi hawezi tena kuificha nyuma ya dondoo chache alizozichagua mwenyewe. Hoja ni nzito, na ni ya uungwana. Hata hivyo, inamdhania msomaji mwenye vyote viwili. Ufafanuzi ni wa Kiingereza na huuzwa. Matini ni ya Kiswahili na hutolewa bure. Hivyo mwenye lugha hupata maneno ya mganga bila hoja zilizojengwa juu yake, na msomaji wa ng'ambo hupata hoja ambazo, asipojua Kiswahili, hawezi kuzipima isipokuwa kwa tafsiri ya mfafanuzi yuleyule. Anayeweza kweli kumsahihisha Fabian, kwa kusikia mzaha au fumbo lililompita, ni huyo wa Kamina. Naye ndiye asiye na kitabu cha kuandika masahihisho yake pembeni.