Ugonjwa haukuchora peke yake

Ndugu na dada wa chama, nimeangalia mpaka mwisho mchezo UnRavelled, wa Jake Broder. Uko kwa Kiingereza, na mimi niliupata kwa video, kwa hiyo anayetaka kuufuata atafute mega za kutosha.

Ni juu ya Anne Adams, mwanasayansi wa Kanada aliyeacha maabara akawa mchoraji. Mwaka 1994 aliichora Boléro ya Maurice Ravel yote nzima. Miaka kama sita nyuma yake, maneno yakaanza kumpotea: ugonjwa ulikuwa unakula pole pole sehemu za ubongo zinazoshika lugha. Ravel naye, aliyetunga Boléro mwaka 1928, alifikia kusikia muziki kichwani bila kuweza kuuandika, akafa 1937 baada ya kupasuliwa kichwa. Wote wawili walikuwa na miaka 53 hivi walipofanya kazi ile. Broder anawakutanisha jukwaani, na hapo njo utamu wa mchezo.

Bwana wa Anne ndiye aliyenishika zaidi. Anapenda picha zile, na picha zile ni alama ya kitu kinachomnyang'anya mke wake. Mwandishi hamwokoi pale. Heko kwake.

Lakini kuna jambo sikubali. Ukitoka mule unabaki na wazo kwamba ugonjwa njo ulishika brashi. Tuitazame picha yenyewe. Kila kipimo cha muziki kina umbo lake lililosimama. Urefu ni ukubwa wa sauti, rangi ni kupanda na kushuka kwa noti. Rangi zinatulia mpaka kipimo cha 326, pale muziki unapobadili ufunguo, ndipo machungwa na waridi zinalipuka. Ule ni mkono wa mtu wa maabara, mtu aliyezoea kupima. Tena Anne aliacha kazi mwaka 1986 ili amtunze mtoto wake aliyepata ajali ya gari, kisha akaingia kuchora. Miaka nane ya brashi njo tunaita ghafula?

Najua, mwaka 2008 watafiti walitoa picha za ubongo wake, na upande wa kuume, nyuma, ulikuwa umenenepa kuliko kawaida. Sibishi. Ila mazoezi ya miaka nayo yananenepesha ubongo.

Na Ravel je? Baba yake alikuwa injenia, na yeye mwenyewe alipenda mashine. Kuna kiwanda alikuwa anakionyesha watu akisema ni kile cha Boléro. Siye tuliokulia Panda, karibu na atelye za Gécamines, mdundo unaorudi bila kuchoka hatukuhitaji kuugua ili tuusikie.

Mtaniuliza, shida iko wapi, si mchezo tu? Shida ni manseba. Kijana anaangushwa na pikipiki, anarudi nyumbani na kichwa kilichoumia, anasahau, anakasirika bure, maneno hayatoki. Mmoja atasema ni pepo, mwingine atasema Mungu anamwandalia kipawa, tungoje. Mchezo kama huu, ukiangaliwa vibaya, unampa nguvu yule wa pili. Tommy McHugh wa Liverpool, fundi wa ujenzi, ubongo wake ulivuja damu mwaka 2001, na akachora mpaka kwenye kuta na dari za nyumba yake. Ni kweli kabisa. Lakini McHugh ni mmoja, na wengi wanaoumia kichwa hawapati rangi yoyote. Wanahitaji mtu wa kuwafundisha tena kusema, na jamaa lenye subira.

Ningependa kuuona kwa Kiswahili chetu, kwa namna ya kundi la Mufwankolo kule Lubumbashi, waliocheza bila kukariri maandishi. Maelezo ya daktari yakatwe nusu, yanachosha. Na bwana wa Anne achezwe na mzee anayejua kunyamaza.