Kinachochefua na Anayechefuka: Neno "nauseous" Mikononi mwa Mfasiri

Neno la Kiingereza "nauseous" limezua ubishi usiolingana na udogo wake. Wapo walinzi wa usanifu wanaoshikilia kwamba neno hilo ni sifa ya kinachochefua, mathalani harufu ya samaki aliyeoza, na kwamba mwenye kichefuchefu sharti aitwe "nauseated". William Strunk na E. B. White, katika The Elements of Style, wanamkejeli anayejieleza kuwa "nauseous", kana kwamba amekiri kuwachefua wenzake.

Kejeli hiyo inachekesha, lakini hoja yake ni dhaifu. Katika karne ya 17 neno hilo lilikwisha kutumika kwa maana ya mtu mwepesi wa kuchefuka, na kamusi ya Merriam-Webster inayatambua matumizi yanayopingwa kuwa ndiyo yaliyoenea zaidi. Kiambishi "-ous" hakina mwelekeo. Nomino inayosifiwa ndiyo inayouonyesha. Hakuna anayedhani kwamba harufu inataka kutapika.

Kiswahili hakiachi mwanya huo, kwa kuwa mwelekeo umo ndani ya kitenzi: chakula huchefua, mlaji huchefuka. Zaidi ya hayo, katika "kichefuchefu kimemshika" maradhi ndiyo kiima na mwanadamu ni yambwa. Uradidi wa nomino hiyo, kama ule wa "kizunguzungu", unaafiki hali inayopanda na kushuka bila kutua. Hata asili ya Kiyunani ya neno la Kiingereza, inayorejea kwenye chombo cha majini, haina budi kuachwa: Mswahili husema bahari imemlevya, na taswira yake ni ya ulevi, si ya jahazi.

Kwa hiyo mfasiri anayesaka kivumishi kwa kivumishi hupotea. Kamusi ikimpa "-a kuchefua" pekee, "nauseous patient" atakuwa "mgonjwa wa kuchefua", na hayo ni matusi. "Mgonjwa mwenye kichefuchefu" inatosha. Tafsiri ya kurudi nayo ina mtego wake, tena mzito zaidi: mgonjwa anayesema "moyo unanichafuka" analalamikia tumbo, na mkalimani akiushika moyo huo kama kiungo cha mwili, daktari asiyejua Kiswahili ataanza kupima kifua.