Akiba ya Koo

Anayesikia wimbo wa ranchera wa Meksiko kwa mara ya kwanza hudhani mwimbaji anajimaliza. Noti moja huvutwa hadi wasikilizaji wakaishiwa pumzi wao, sauti hupasuka kama ya mfiwa, kisha ukumbi mzima hujibu kwa ukelele. Lakini mwimbaji huyohuyo ana nyimbo nyingine ishirini kabla ya alfajiri, na kesho usiku anatakiwa kazini. Kilio kile kina hesabu yake. Wahenga walisema akiba haiozi, na sijaona ufundi unaoitii kauli hiyo kwa siri kubwa kama huu.

Tazama falsete ya Huasteca, nchi ya muziki wa huapango inayogusa majimbo ya Veracruz, San Luis Potosí, Tamaulipas na Hidalgo. Mwimbaji anatoka kwenye sauti ya kifua, anaruka ghafla hadi sauti nyembamba ya juu, anarudi, na mvunjiko uliopo katikati ndio utamu wenyewe. Mwimbaji Miguel Aceves Mejía (1915–2006) aliufanya mruko huo upendwe mbali na Huasteca kupitia redio na filamu. Nyuzi za sauti zinazoifanya kazi hiyo ni vijikunjo vya nyama vyenye urefu wa takriban sentimita moja na nusu hadi mbili. Sauti inapopanda, nyuzi hizo hunyooka na kuwa nyembamba, zikatetema zaidi kwenye kingo. Kwa noti ile ambayo wanamuziki huitumia kulinganisha ala, hutetema mara 440 kwa sekunde moja. Anayeisukuma noti kwa misuli ya shingo huzigonganisha nyuzi hizo mpaka zikaota vijisugu. Anayeijua kazi hulegeza taya na shingo, akaiachia pumzi ya mbavu na tumbo ibebe mzigo. Mruko unaoonekana wa nguvu ni wa kuachia.

Muziki wenyewe nao humsitiri mwimbaji. Katika son huasteco, muziki wa Huasteca, waimbaji wawili hupokezana mistari, na fidla huingia kati ya beti na kutamba peke yake. Wachezaji hukanyaga mbao kwa vishindo ala zinapotamba. Uimbaji ukianza, miguu hupunguza makali. Katika bendi za mariachi, wanakundi hugawana beti, na tarumbeta huingia zaidi pale mwimbaji anapovuta pumzi. Iwe ilikusudiwa hivyo au la, adabu hiyo ya kupishana ni dawa: hakuna koo linaloachwa peke yake kupambana na bendi nzima.

Adui hukaa nje ya wimbo. Nenda uwanja wa Garibaldi, Jiji la Meksiko, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni kavu na usiku una baridi. Makundi ya mariachi husimama karibu karibu yakingoja wateja wanaolipia wimbo mmoja mmoja, na kila kundi huimba juu ya kelele za jirani. Binadamu akizungukwa na kelele hupandisha sauti bila kujijua. Ni lazima mwimbaji ajifunze kuisikia sauti yake ndani ya mwili badala ya kuitafuta sikioni. Mteja aliyefurahi humletea tequila, ambayo haiponyi koo bali hulifanya lisahau kuwa linaumia. Maji nayo yana subira yake: funda la maji hupita umioni bila kuzigusa nyuzi, kwa hiyo maji ya kumfaa usiku ni yale aliyoyanywa tangu mchana. Na mlo mzito wa saa nane usiku, ukifuatwa na usingizi, huweza kurudi kooni kama asidi.

Historia ya ranchera yenyewe imebeba jeraha. Mwimbaji Lucha Reyes (1906–1944) alikuwa na sauti nyororo ya juu hadi alipougua koo akiwa ziarani Ulaya katika miaka ya 1920. Sauti iliyomrudia ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo, na kwa sauti hiyo akajenga namna mpya ya kuimba iliyofuatwa na vizazi. Mwimbaji mwingine, Chavela Vargas, ambaye pombe ilimweka mbali na jukwaa kwa miaka mingi, alirudi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2003 akaimba katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, akiwa amepita miaka 80. Hakugombana na sauti iliyombakia. Alipunguza mwendo, akaacha kimya kibebe nusu ya maneno.

Vijana wengi husikia mkwaruzo wa wanawake hawa na kuuiga, wasione kwamba wanaiga kovu. Kilichostahili kuigwa ni busara ya kuimba kwa kile kilichopo. Ndiyo maana namsifu yule fundi wa Garibaldi anayewaomba wenzake washushe tuni, anayemwachia jirani ubeti wa pili, na kuirudisha glasi kwa shukrani. Kesho atakuja mteja mwingine mwenye moyo uliovunjika, na huyo naye ana haki ya kulizwa.